Sifuri na Vita vya Kitabu cha Kumi

Njooni, enyi mlioketi na mlioegemea milango. Mwenye chai na aiweke chini, nikusimulieni vita alivyopigana Mkwe, fundi wa kompyuta, simba wa kibodi, hapo sebuleni, baina ya kochi na meza ya kupigia pasi.

Mama mkwe wake alikuwa mgeni, na raha yake ilikuwa kibao cha kidijitali cha kusomea vitabu, kilichobeba riwaya kumi za mjane mmoja. Ole wake! Kibao kile kilipanga majina, yaliyotanguliwa na namba, kwa kutazama tarakimu moja moja tangu ya mwanzo, si namba nzima: baada ya 1 kikaleta 10, ndipo 2.

"Jana mjane analia mume wa kwanza," akanena mama kwa sauti ya hakimu, "leo namkuta anaolewa na wa tatu. Wa pili yuko wapi? Nimempa binti yangu fundi asiyejua kuhesabu. Huyu si mkwe, ni sifuri. Kesho narudi kwangu."

Mke akamtazama mumewe. Mama akiondoka na kinyongo, nyumba haitakalika.

Shujaa akachomeka waya, akaivamia ngome ya ndani, ile hifadhidata inayotunza majina ya vitabu, akatia sifuri mbele ya kila tarakimu pweke: 01, 02, 03, ili zote ziitangulie 10. Lakini kibao, mbishi kuliko punda, kilipowasiliana na duka la vitabu kikayarudisha majina yote ya kale. Begi la mama lilikwisha kufika mlangoni.

"Mwenye nguvu mpishe," akasema Mkwe, akikunja mikono ya shati, "kisha umtegee mbele ya safari."

Ndipo kwa SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, akatega mtego, amri iliyojilaza humo mithili ya paka kando ya shimo la panya: jina lenye tarakimu pweke likiandikwa tu, amri inaamka, inalipachika sifuri, inalala tena. Kibao kikaliita duka, kikaandika ukaidi wake wa kale, na mtego ukafyatuka. Kitabu cha kumi kikasukumwa mkiani, kilikostahili.

Mama akafungua 02. Akasoma. Akasoma tena.

"Kumbe wa pili ndiye huyu mwanasheria. Nilimshuku tangu mwanzo." Akavua viatu. "Sifuri, mwanangu, rudisha begi chumbani."

Na iandikwe, vizazi visome: walimu walitufundisha kwamba sifuri ikikaa mbele haina thamani. Katika nyumba ile hawakupata kuishi.