Tembo Mweusi wa Nana Amponsem

Jumatatu, 4 Mei

Nimedanganya mbele ya Nana, chifu wetu. Nembo ya miaka ishirini ya kiti chake cha uchifu niliichora mimi, Yaw Dwumfuo: tembo wa dhahabu juu ya kijani. Nsuokrom nzima iliisifu. Leo Okyeame Bediako, msemaji wa Nana, akaniita na kusema yanatakiwa mafaili yote kabla ya sherehe ya tarehe kumi na sita. La bango la barabarani, la vitambaa, la simu. Akauliza kama faili la asili lipo. Nikasema lipo, limetunzwa vizuri.

Halipo! Kompyuta ilikufa mwezi Machi na kila kitu ndani yake. Nilichobaki nacho ni kipicha nilichomtumia mama kwenye Watsapu, ukubwa wa stempu.

Nana haongei na watu wa aina yangu moja kwa moja. Alinong'ona tu, na Okyeame akanifikishia: Nana anakumbuka kwamba duka lako limesimama kwenye ardhi yake. Mchana sikuweza kula fufu.

Jumanne, 5 Mei

Mpango: kukikuza kipicha. Nimekikuza hadi kimo cha bango. Tembo amegeuka ukuta wa matofali wenye mkonga. Nikamlainisha kwa ukungu kidogo, akawa kiboko ndani ya moshi.

Afia Konama, mwenye duka la kuchapa ng'ambo ya barabara, akachungulia dirishani na kuuliza kama natengeneza tangazo la dawa ya mbu. Dada huyu alisoma Kumasi miezi sita na tangu hapo hakamatiki. Ana folda ya kuchapa, folda ya skrini, folda ya nembo isiyo na kitu nyuma yake ili ikae juu ya rangi yoyote. "Kaka Yaw," akasema, "kama la asili limepotea sema tu. Nitakuchorea kwa mistari, hata ukiikuza iwe kubwa kama kanisa haipasuki." Nikamjibu kwamba lipo. Nikafunga dirisha na kukaa na joto langu.

Jumatano, 6 Mei

Nimemchora tembo upya kwa kufuatisha kipicha. Sikio moja limezidi lakini ni tembo. Nikajaribu kumchapa. Dhahabu ikatoka rangi ya supu ya karanga iliyolala. Kijani usiseme.

Nikampigia Bwana Tawiah, mchapa vitambaa wa Kumasi. Akanieleza kwamba rangi za skrini ni mwanga na za kitambaa ni wino, kwa hiyo nizibadilishe kabla ya kutuma na nimwandikie namba zake. Namba! Mimi rangi nazijua kwa macho. Nikamwona Nana amevikwa supu ya karanga mbele ya machifu wenzake, jasho likanitoka.

Ndipo akili ikaja. Nyeusi haibadiliki! Skrini nyeusi, wino mweusi, kesi imekwisha. Nimemtumia Tawiah tembo mweusi mtupu, chini yake jina la Nana, na chini ya jina 2006–2026. Rangi ya pili achague mwenyewe, inayofaa shughuli. Huyohuyo mweusi nimempelekea karani wa Nana kwa ajili ya simu. Faili moja, kazi zote. Konama abaki na folda zake.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika nikiwa chooni, mlango nimeufunga kwa kamba.

Asubuhi wamama wawili wa sokoni wamepita wameshika vichwa. Kisha kinyozi akaniinamia na kuuliza kama ni kweli Nana amekwenda kijijini. Kwetu hakuna anayesema chifu amekufa. Anakwenda kijijini, na kila mtu anaelewa. Nikauliza nani kasema maneno hayo. Akanionyesha simu. Karani alikuwa amemtundika tembo wangu kwenye kundi la mji: mweusi tii, jina, mwaka na mwaka, kama juu ya kaburi. Watu mia mbili na kumi wameandika pole. Mmoja yuko Toronto, anauliza mazishi ni lini akate tiketi.

Kumtamkia chifu kifo angali hai ni kosa ambalo watu wamehamishwa mji kwa ajili yake. Naogopa. Nimesikia mtu akipiga hodi mara tatu na sijathubutu hata kukohoa.

Jumamosi, 9 Mei

Vitambaa vimefika. Vipande mia tatu. Vyeusi na vyekundu, rangi za msiba kabisa.

Nikampigia Tawiah nikipiga kelele. Akaniambia taratibu, "Mzee, unanipa tembo mweusi, jina, mwaka na mwaka, halafu unasema rangi inayofaa shughuli. Mimi nijue shughuli gani nyingine?" Akaongeza kwamba anatupa pole sana, Nana alikuwa mtu mwema.

Nimevificha vyote kwenye banda la kuku la shangazi. Saa moja baadaye Okyeame akaja dukani na kipande kimoja mkononi, kina manyoya. Jumatatu naitwa.

Jumatatu, 11 Mei

Nilivua ndala, nikashusha kitambaa begani kwa heshima, nikaingia. Nana yuko hai sana. Alinitazama mpaka nikasahau jina langu. Akanong'ona. Okyeame akasema: Nana anauliza kama marehemu anaruhusiwa kunywa maji.

Hakuna mzee aliyecheka. Mimi nikalia, machozi ya kweli, nikakiri kila kitu kuanzia kompyuta hadi kuku. Hukumu: kondoo wawili, mmoja achinjwe kufuta maneno mabaya, na chupa mbili za pombe ya jini. Na kama tembo wa dhahabu hatakuwa tayari kufikia Jumamosi, duka nilibomoe kwa mikono yangu.

Konama akainuka kule nyuma, kati ya watu waliokuja kusikiliza. Akasema kwa heshima zote kwamba alimwona yule kiboko wangu Jumanne, akahurumia, akamchora tembo usiku huohuo. Faili la kitambaa lipo na namba zake, la bango lipo, la simu lipo. Duka langu limepona. Nilimshukuru huku nikimchukia.

Jumapili, 17 Mei

Sherehe imepita. Dhahabu ilikuwa dhahabu. Nana alicheza, mji mzima ukamwona akicheza, na yule wa Toronto amerudisha tiketi.

Leo mchana Okyeame amenijia ana huzuni. Shemeji yake amefariki ghafla. Anataka nembo ya msiba, ya vitambaa na ya simu, na kazi ananipa mimi, kwa sababu anasema mtu aliyetishwa hivyo hawezi kukosea tena. Nusura nimkumbatie.

Nimeshatuma. Nyeusi sigusi tena maishani, nyekundu ndiyo kabisa. Nimechukua kwenye flashi aliyoniachia Konama tembo yuleyule wa dhahabu na kijani, namba za rangi zikiwa kamili, nikabadilisha jina tu. Miaka nimeifuta, isije ikaleta balaa. Nimemwambia Tawiah achape mia tano kesho asubuhi na asinipigie kuniuliza lolote. Leo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, nalala bila hofu.