Kabati la Milango Mitatu Lisitoke Dukani

Januarius Masunga,
Ngulyati, Bariadi,
Simiyu, Tanzania.

Kwa Meneja,
Duka la samani lenye mishale sakafuni,
Oulu, Finland.

YAH: KUSIMAMISHA MAUZO YA KABATI KWA BINTI YANGU HARIETH

Ndugu Meneja,

Mwadila. Hiyo ni salamu yetu ya mchana. Hujui kuiitikia, na leo sitakulaumu kwa hilo. Nina mengine ya kukulaumu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu anayelalamika ndiye achaguaye lugha. Utasomewa na Harieth mwenyewe, muuguzi katika nyumba ya wazee mjini kwako. Nimemwagiza asimame kaunta na kutafsiri neno kwa neno, bila kunilainisha. Wala usinidhanie mtu aliyekosa kazi. Mwaka juzi nilikiandikia kiwanda kimoja cha viberiti kuhusu njiti tatu zilizopungua kwenye boksi. Waliniomba radhi kwa maandishi. Barua yao ipo ukutani.

Harieth aliondoka hapa Novemba na begi moja la magurudumu na mkataba wa miaka miwili. Stendi ya Bariadi nilimwambia, "Miaka miwili, mama." Akajibu, "Miwili, baba." Yakaisha. Tangu Machi anatuma picha za dukani kwako kwenye kundi la familia la WhatsApp, na naona kila picha inaongeza miaka. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mishale. Binti yangu alikuja kwako kununua sufuria. Sufuria moja. Mishale yako ikampitisha vyumba kumi na viwili vya kulala, vimetandikwa, taa zinawaka, na hamna mtu. Kwetu ukikuta nyumba ya namna hiyo unaita majirani. Kwako watu wanavua viatu na kujilaza kujaribu! Mnadani kwetu anayetaka kamba huuziwa kamba. Hazungushwi kwanza kwa ng'ombe wote.

2. Kitanda. Kilifika kimelala ndani ya boksi, vipande vipande, pamoja na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Nilimwonyesha fundi Mabula, aliyetengeneza vitanda vyote vya nyumba yangu, video ya Harieth akiwa amepiga magoti anakaza skrubu. Mabula aliitazama mara mbili, akauliza, "Mzee Masunga, fundi wao alilipwa akakimbia?" Nilicheka, lakini njiani nikawaza. Kitanda ulichokiunga kwa mikono yako mwenyewe utakiachaje? Nadhani unalijua hilo, Meneja. Ndiyo maana hukiungi.

3. Nailoni. Hapa naomba uache simu yako unisikilize. Kwetu godoro jipya na kochi jipya hukaa na nailoni yake. Kochi langu lina miaka tisa na mgongo wake haujaguswa na hewa. Mgeni akiketi linalia, nasi tunaridhika. Nailoni maana yake ni kwamba kitu bado kiko safarini, kinaweza kubebwa wakati wowote kupelekwa kwao. Harieth alipotuma picha ya godoro lake, niliivuta kwa vidole viwili kutafuta nailoni. Haikuwepo. Alikwishaichana siku ileile.

Mke wangu Stephania aliiangalia picha hiyo, akasema, "Huyu harudi," akaingia jikoni. Mimi nilibaki na simu, Meneja, nikaivuta picha tena, nikatafuta nailoni hata pembeni.

4. Kochi la watu wawili, ambalo ameliweka kwenye orodha yake. Yeye ni mmoja. Wa pili ni nani?

5. Kabati la milango mitatu. Hili ndilo kosa kuu. Mwenye begi huulizwa, "Unarudi lini?" Mwenye kabati nani amuulize? Nguo ikishatundikwa imehamia, na mwenye nguo huifuata. Ametuarifu kwamba Jumamosi anakuja kulichukua, na ameandika maneno hayo kwa furaha, pamoja na vikatuni vinavyocheka. Kuna haja gani? Chumba chake hapa Ngulyati kipo kama alivyokiacha, na kitanda chake cha mninga kinamsubiri.

Kwa heshima zote, nataka yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumamosi:

(a) Harieth asiuziwe kitu chochote kisichoingia kwenye begi lile. Vipimo nimeambatanisha.

(b) Wauzaji wote wapewe picha yake, nayo nimeambatanisha. Akionekana upande wa makabati, arudishwe kwa adabu kwenye masufuria.

(c) Mishale yote ya sakafuni ichorwe upya ielekee uwanja wa ndege.

Ukikaidi, nitaandika tena, na barua yangu ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza. Uliza kiwanda cha viberiti.

Nisalimie wauzaji, mlinzi wa mlangoni, na wazee anaowaogesha binti yangu. Waambie anapenda kuimba na wamwache aimbe. Mke wangu anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia.

Nabaki mimi, mwenye hasira na mwenye adabu,

Januarius Masunga

Nakala: Fundi Mabula, kwa taarifa na kwa uchungu.

N.B. Harieth mama, kuanzia hapa usimtafsirie. Chumba chako kimejaa magunia ya mpunga, na kitanda chako analalia shangazi yako Milembe tangu Januari, nilishindwa kukuambia. Mama yako amekufumia vitambaa vya kochi, rangi ya maziwa, vitano vimekwisha. Cha sita kinangoja upana wa mkono wa kochi, basi upime utume leo. Ulizia pia kama lipo linalokunjuka kuwa kitanda, kwa sababu pasipoti zetu zimetoka na mimi miguu yangu mirefu unaijua. Kabati chukua hilohilo la milango mitatu, mmoja utuachie; mama yako hawezi kukaa mwezi mzima anachomoa nguo kwenye begi. Na kochi likifika, nailoni usiiguse. Nitaichana mwenyewe.