Mke Wangu Hupita Dirishani

Jumanne, 7 Januari

Na kama nilivyokuwa nasema jana kabla kalamu haijakauka, hakuna mwanamume katika bonde hili aliyeoa kama nilivyooa mimi. Ladina ni mke wangu. Nimeiandika tena nione inavyokaa kwenye karatasi. Inakaa vizuri mno.

Tatizo ni moja tu. Mimi ni mhudumu wa kibanda chekundu, yeye ni mhudumu wa kibanda cha buluu. Gari letu la waya lina vibanda hivyo viwili, vimefungwa kama ndoo mbili za kisima kimoja. Kimoja kikipanda, kingine hakina budi kushuka. Cha buluu hulala juu mlimani Gialin, chekundu hulala chini kijijini, na mhudumu hulala kilipo kibanda chake, kwa sababu asubuhi vyote huondoka pamoja. Tulioana mwishoni mwa Novemba. Msimu wa theluji ukafunguliwa mara moja. Tangu hapo nimemwona mke wangu mara nyingi kwa siku kuliko mume yeyote duniani, na kila mara kwa muda wa kupiga chafya, katikati ya njia, tukipishana hewani.

Desturi ya kazi yetu ni kwamba vibanda vikipishana, wahudumu huinua kofia. Ladina akiinua yake, nywele huanguka. Leo zilianguka upande wa kushoto. Sikuhitaji chakula cha mchana.

Likizo hakuna. Mhudumu wa akiba alivunjika bega akiteleza, na meneja wetu, Bwana Caduff, anasema tuvumilie hadi mtu apone. Wakati huo huo keki yetu iko chini ya kitanda changu ndani ya kopo. Mama mkwe aliioka kwa ajili ya harusi, keki ya kokwa za jozi na asali, ile inayokaa wiki nyingi bila kuharibika. Tuliapa, mimi na Ladina, kwamba tutaikata jioni ya kwanza tutakayokaa meza moja, sisi wawili, mlango umefungwa. Haijaguswa. Kila siku naifunua na kuinusa, basi.

Alhamisi, 9 Januari

Mpango wa kwanza. Kila kibanda kina simu ya kazi. Nimegundua kwamba nikiinua yangu wakati Ladina ameinua yake, tunasikiana. Adhuhuri wageni wote huwa wanakula, kibanda kinashuka kitupu. Nikainua. Naye alikuwa ameinua. Nikamwambia yote. Kwamba kilele kizima kina wivu naye. Kwamba nabusu mto wangu upande ule ambao angelalia. Kwamba nikiona theluji mpya nafikiria shingo yake.

Upande wa pili mtu akapenga kamasi.

Alikuwa Duri, fundi wa chumba cha mashine. Sikujua kwamba simu zetu hupitia kwake, tena kwenye kipaza sauti, kwa sababu mashine inanguruma na bila hivyo hasikii kitu. Na mlango wa ukumbi wa tiketi ulikuwa wazi. Nilipofika chini familia nzima kutoka Zurich ilinipigia makofi. Duri akatoa kichwa dirishani akauliza kama mto wenyewe umeridhia.

Ieleweke kwamba Duri huyu aliwahi kucheza na Ladina kwenye dansi ya kijiji na hakuombwa arudie. Hajapona.

Nimekata ukingo wa keki. Ukingo si keki.

Jumapili, 12 Januari

Hakuna mpango leo. Furaha tupu.

Ladina ameanza kunionyesha vitu dirishani. Asubuhi aliinua kikombe: amekunywa kahawa bila mimi. Saa nne, soksi yenye tundu: kidole chake kinapata baridi na mumewe hayupo wa kukishika. Mchana, yai. Nimelifikiria yai hilo siku nzima. Mzee Giachen, ambaye husimamia kituo cha juu, alishuka kununua tumbaku, nikamuuliza yai linamaanisha nini. Akasema linamaanisha kuwa kulikuwa na mayai.

Mzee huyu hajawahi kupenda. Ana mke na watoto saba, lakini hajawahi kupenda.

Jumatano, 15 Januari

Mpango wa pili, na ulikuwa mpango mzuri, sitaki mtu aniambie vingine.

Hoja ilikuwa hii. Tunapishana haraka mno. Basi mashine isimame tukiwa ubavu kwa ubavu. Nitamtazama, atanitazama, dirisha kwa dirisha, hata kwa muda wa kunywa chai. Nikaenda kwa Duri na chupa ya pombe ya cheri ya babu yangu. Alinizungusha kwanza. Alisema yeye si kuwadi wa watu waliokwisha kuoana. Kisha akaonja. Akasema sawa, bwana harusi wa hewani, wewe sema “sasa” kwenye simu, mimi nitabonyeza.

Nilikuwa na simu sikioni. Kibanda cha buluu kikaja. Ladina akainua kofia. Nywele zikaanguka upande wa kulia.

Nikasahau kusema.

Niliposema, alikuwa ameshapita. Tukasimama. Nilichokiona mimi ni mgongo wa kibanda chake, wenye tangazo la jibini. Kumbe mashine ikisimamishwa kwa mkono haiwashwi tena mpaka breki zote zikaguliwe. Duri hakunitajia hilo. Upepo ukaamka. Tukaning’inia tukiyumba mpaka nikalijua lile tangazo kwa moyo, pamoja na anwani. Mama mmoja wa Basel akasema anajisikia vibaya. Hatukuwa na chombo. Akatapika kwenye kofia yangu.

Haya ndiyo matokeo yake. Safari iliyofuata tukipishana, Ladina aliinua kofia. Mimi sikuwa na kofia. Nikatikisa mikono, lakini alitazama kichwa changu tu. Katika kazi hii, kupita bila kuinua kofia ni kama kumtemea mtu mate. Ndugu wawili wa kijiji chetu, walioendesha vibanda hivi zamani, waliacha kusemezana hadi kaburini kwa sababu hiyo hiyo.

Safari ya baadaye hakuinua yake. Alitazama mbele. Sijawahi kuona uso mzuri hivyo ukitazama mbele hivyo.

Nimekula robo ya keki nimesimama.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeazima kofia ya Duri, yenye shada la uzi juu kama la mtoto. Nimeiinua kabla ya kupishana, wakati wa kupishana na baada ya kupishana. Abiria mmoja aliniuliza kama nina nzi kichwani, Januari.

Asubuhi, hakujibu. Saa nne, hakujibu. Mchana aliona lile shada la uzi. Akaweka mkono mdomoni. Kisha kofia yake ikapanda juu, juu kabisa, na nywele zikaanguka pande zote mbili.

Nililia hadi kituoni. Niliwaambia wageni ni mwanga wa theluji.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya kubadilishana wageni. Mabegi, watoto, mbao za kuteleza zikinigonga magotini. Nilivunjwa kidole cha mguu na mwanasheria. Sikuhisi, nilikuwa nawaza.

Nimeona kosa langu lote. Nimekuwa nikijaribu kumpata Ladina hewani. Hewani hapafai. Mtu hupatikana nchi kavu. Kwa hiyo Jumanne Duri atachukua kibanda changu kuanzia adhuhuri hadi kesho yake asubuhi, na msaidizi wake atakaa kwenye mashine. Mimi nitaoga. Nitanyoa. Safari ya mwisho ya jioni nitapanda kibanda cha buluu kama abiria, naye atakuwa mlangoni mwake bila kujua lolote, na tutapanda pamoja mpaka juu. Juu kuna chumba chake. Chumba kina meza.

Duri alidai chupa ya pili na kofia yake irudi. Akaniambia, “Lakini umwambie mkeo, ndugu yangu. Wanawake hawapendi kushtukizwa na mtu mwenye begi.” Nikamwambia ndiyo maana hakuombwa arudie ile dansi. Mapenzi ni kushtukizana.

Wazo dogo: nisiibebe keki. Kopo litanisaliti, watu watauliza. Tutaila safari ijayo. Jumanne naenda na maua.

Jumanne, 21 Januari. Naandika juu mlimani

Niandike taratibu.

Nilikuwa nimenyoa. Nilikuwa na chungu cha maua ya manjano ndani ya koti yasigande. Jua lilikuwa limezama nyuma ya Gialin na theluji ilikuwa rangi ya waridi. Kibanda cha buluu kikatua, mlango ukafunguka, nikaingia nimenyoosha mikono.

Mzee Giachen akanitazama juu ya kiko chake. Akasema, “Panda au shuka, kijana. Usinitazame kama mimi ndiye niliyekuahidi ndoa.”

Nikauliza mke wangu yuko wapi. Akasema mke wangu amemsihi wiki nzima amshikie kibanda mpaka kesho asubuhi. Amemkatia kuni, amemfulia mashati. Ana jambo la siri, ametia rangi mdomoni, amevaa shali ya harusi. Nikauliza siri gani. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Tulikuwa tumeshaondoka.

Katikati ya njia kibanda changu chekundu kikatushukia. Duri alikuwa ndani, ameinama, anashikilia ukuta kwa kucheka. Kando yake, amesimama wima kwenye kioo, alikuwa mke wangu. Shali ya harusi. Mdomo mwekundu. Ameshika mkate mrefu wa matunda ya pea ambao najua ameuoka yeye, kwa sababu umeungua upande.

Aliniona. Nikamwona. Hakuna aliyekumbuka kofia. Niliinua maua, yeye akainua mkate. Kisha tangazo la jibini, lile lile, kwani na chekundu kinalo mgongoni.

Nikamwambia Mzee Giachen asimamishe. Akasema simu iko ukutani, lakini safari hii hataki matapishi.

Supu ya shayiri hapa juu ni nzuri. Nimeila kwenye meza yake. Chumba chake kina harufu ya nta na ya nywele zilizooshwa. Soksi yenye tundu inaning’inia juu ya jiko. Nimeitia uzi, vibaya. Nimeweka maua dirishani. Mto wake una shimo dogo pale anapolaza kichwa, na nimeapa kulala pembeni nisiliharibu. Chini kabisa bondeni naona taa ya chumba changu imewaka. Yumo ndani. Amewasha taa yangu. Sijawahi kuipenda taa hiyo hivi.

Halafu nimekumbuka keki. Kopo. Atainama, ataliona, atafungua.

Jumatano, 22 Januari

Kwa kuwa mimi nimelala juu na yeye amelala chini, asubuhi ilibidi mimi nishuke na cha buluu na yeye apande na chekundu. Tukapishana. Aliinua kopo, wazi, akilielekeza kwangu kama askari anayeonyesha ushahidi. Kilibaki kipande kimoja, chembamba. Niliacha zaidi ya hapo, naapa. Kisha akageuza uso kidogo, nikaona makombo kwenye kidevu chake.

Mke wangu mpenzi. Tumekula keki yetu pamoja. Karibu pamoja.

Safari ya pili niliinua soksi iliyoshonwa. Yeye aliinua mto wangu, akaubusu, upande ule. Kibandani mwake watu walipiga makofi.

Jioni kila mmoja akarudishwa kwenye kibanda chake. Bwana Caduff ametuma onyo: hakuna tena kubadilishana kienyeji. Anayetaka mabadiliko aende ofisini kwake kama mtu mzima. Duri, aliponikuta nikifunga mlango, aliniambia kwamba jana alimleta mke wangu chini salama salimini, na kwamba njia nzima Ladina aliuliza jambo moja tu: kama nitakuwa nimekula. Hakunitania. Ilinitia wasiwasi.

Kitanda changu kina harufu yake. Sijalala, na sikutaka.

Ijumaa, 24 Januari

Nimelipata. Na safari hii nimefikiri.

Kosa langu lote lilikuwa kutaka kuazima jioni moja moja. Mwanamume haazimi. Anahama. Leo nimekwenda ofisini, nimevua kofia, nimemwomba Bwana Caduff anihamishie kibanda cha buluu, moja kwa moja, mpaka msimu uishe. Kibanda cha buluu hulala juu. Ladina hulala juu. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza.

Bwana Caduff alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mabega yalikuwa yakimtikisika, nadhani ni mafua. Akaniuliza kama nimezungumza na mke wangu. Nikasema hapana, ndiyo raha yenyewe, nataka nimshtukize. Akasema mwaka huu amekuwa padri, kila mtu anamletea siri na kumwapisha. Akafungua dirisha akavuta hewa. Kisha akasema ombi langu ni jepesi kuliko ninavyodhani, kwa sababu jana asubuhi kuna mtu alikuja kuomba kibanda chekundu. Amekitaka kwa machozi.

Sikuuliza ni nani. Yeyote anayekitaka, Mungu amzidishie. Nimekifagia, nimekipangusa vioo, nimemwachia kitandani blanketi langu la pili na kopo tupu ambalo Ladina aliliacha kibandani, huenda akalihitaji.

Tutahamishwa Alhamisi. Leo tukipishana Ladina alikuwa na uso wa mtu aliyeficha kitu. Alinyooshea kidole chini, kijijini, akajigusa kifuani, akacheka. Mimi nikanyooshea kidole juu, nikajigusa kifuani, nikacheka. Tunaelewana hivyo mimi na yeye, hatuhitaji maneno.

Kile kipande cha mwisho cha keki anacho yeye. Akitunze siku chache tu. Ladina wangu, usiniwekee taa, usiniulizie kwa mtu. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia mlango wako wa juu ukibishwa, na atakayekuwa nje ni mimi.