Mafuta Yanayozama Ngozini

Orvokki alipoiona pete ya dhahabu kidoleni mwa Hilja, ndani ya sauna ya wanawake, chumba cha mvuke wa moto, pale Tampere, Finland, alisahau hata jasho lililokuwa likimtiririka. Akamsogelea mjane yule kwenye benchi, akatoa kichupa chake.

"Mwenzangu, krimu za madukani zinaishia juu juu. Hii inapenya mpaka chini kabisa. Lete mkono."

Kichupani mlikuwa na pombe kali iliyotiwa harufu ya waridi, utaalamu wa jikoni kwake. Alimpaka Hilja mkononi. Kwa joto lile, punde si punde mkono ukakauka.

"Umeona? Imezama yote!"

"Makubwa!" Hilja akajipapasa. "Kumbe ngozi yangu ilikuwa na kiu hivi! Lakini shoga, mimi sina kitu. Nina hii pete ya marehemu tu."

Orvokki akajifanya kusita. Huruma yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Alikuwa ameifanyia mazoezi miaka mingi.

"Basi kwa kuwa ni wewe, chukua mkoba mzima wa vichupa. Uko kule tulikovulia nguo."

"Thubutu! Pete ya marehemu kwa vichupa? Niongezee na lile koti lako la manyoya nililoliona kule."

Koti lile ndilo kitu pekee cha maana alichokuwa nacho Orvokki duniani, na nje theluji ilifika magotini. Roho ilimuuma. Akaitazama pete tena, akajiona anachagua koti jipya dukani.

"Haya, litwae."

Hilja akamvisha pete kwa mkono wake mwenyewe, akaaga, akatoka.

Mwanamke mwingine akaingia, akayamwagia maji mawe ya moto yaliyokuwa juu ya jiko. Mvuke ulipopanda, akashangaa. "Dada, pete humu ndani? Haikuunguzi? Dhahabu zetu sote tunaziacha nje."

Orvokki akaganda. Tangu utotoni hakuwahi kuona mtu akiingia na dhahabu kwenye joto lile, labda awe anataka ionekane. Akaivua pete upesi. Kidole kilikuwa cha kijani.

Alikimbilia kwenye nguo. Mkoba wa vichupa ulining'inia pale pale, haukuguswa, koti halikuwepo. Akafungua kichupa kimoja, akamimina, akasugua kidole kwa hasira. Dawa ikazama yote. Kijani kikabaki.

Yule mwanamke alikuwa amemfuata. "Mafuta gani hayo, dada? Yanapenya?"

"Wapi!" Orvokki akajibu, akisema kweli kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Inayopenya ni shaba."