Salamu Kutoka Tawi Langu

Jumatatu, 9 Juni
Mwanangu Divine ameota jino la pili. Usiku mzima kilio, mchana mzima kazi. Ijumaa Mama Ernesta, meneja wetu wa ushirika wa wafugaji nyuki, atateua msimamizi wa programu inayotuma ujumbe kwa wanachama. Msimamizi atafanyia kazi nyumbani! Nikikosa, kila wiki basi la Kibondo hadi Kasulu na mtoto mgongoni. Sikubali. Mpinzani ni mmoja tu: Fidele, wa ofisi ya Kasulu. Shati lake limepigwa pasi mpaka linakata.

Jumanne, 10 Juni
Programu ya wote tunaiita shina. Mimi nina tawi langu, nakala ya pembeni niliyoianza wiki tatu zilizopita. Humo nimeweka salamu ya asubuhi, ya kwetu Kiha: Mwakeye! Utamwambiaje mtu habari za lori la asali hujamsalimia? Tumelelewa, bwana. Nikamwambia Fidele narudisha tawi shinani. Akasema dada, subiri, kwanza vuta mapya ya shina uyaingize kwenye tawi lako, jaribu kwa simu mbili, ndipo urudishe. Ananichelewesha, huyo! Nikamjibu asante kaka, nikamnyonyesha Divine kwa hasira. Pole, mwanangu. Haikuwa yako.

Jumatano, 11 Juni
Nimerudisha! Kompyuta ikalalamika kwamba mstari wa salamu tumeugusa wote wawili. Fidele ameandika Mwaramutse, ya kwao Kirundi, na mistari kumi mingine chini yake. Nichukue ya nani? Divine akalia. Nikabonyeza: yangu, yote. Nimekunywa chai ikiwa ya moto, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Alhamisi, 12 Juni
Jamani! Ile mistari kumi ndiyo iliyokuwa inazuia programu isimsalimie mtu mara mbili. Sasa mtu akiitikia, inamsalimia upya. Wafugaji mia nne, na hakuna hata mmoja anayetaka kuwa wa kwanza kuacha salamu hewani! Baba mkwe, Mzee Dionis, amepiga kutoka Kumsenga. Anaitikia tangu alfajiri, kofia mkononi, kwenye mizinga hajafika. Akauliza huyu mwenye adabu namna hii ni mtoto wa nani. Nikasema mtandao unasumbua, baba. Lori la asali limerudi tupu. Fidele akalirejesha shina la juzi kwa dakika mbili. Wala hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Ijumaa, 13 Juni
Msimamizi ni Fidele. Mama Ernesta akasema mwanangu, adabu unayo, subira huna. Jumatatu uje Kasulu ukae karibu yake ujifunze, mtoto mlete, tutapokezana kumbeba. Nimelia. Divine akanipaka uji usoni.

Halafu nikafikiri. Kosa langu lilikuwa nini? Kurudisha! Asiyerudisha hagongani na mtu. Kwa hiyo jioni hii, nenosiri langu likiwa bado linafungua, nimebadilisha majina. Tawi langu sasa linaitwa shina. Shina la Fidele nimeliita tawi.

Jumatatu aniombe vizuri ruhusa ya kurudisha.