Saa ya Katoni

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya mwisho ya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mkuu kasema sisi wanachuo tumezidi: simu zote zinaachwa ofisini kwake hadi jioni, ndani ya boksi la chaki. Nimeweka ile mbovu ya shangazi. Nikaiaga kwa huzuni, ili aamini. Kaamini. Mwenzangu wa chumba, tunayemwita Mtakatifu, katoa yake halisi, tena kwa tabasamu. Mtu wa hivyo ni shida kuishi naye.

Jumanne, 4 Juni
Tatizo: simu yangu halisi, darasani niifiche wapi? Mfukoni inaonekana. Kwenye soksi nilichechemea, watoto wakanipa pole. Nimepata! Darasa la pili wanajifunza kusoma saa. Nimetengeneza saa kubwa ya katoni, nyuma ina kidirisha. Nikiishika mbele yangu, wao wanaona saa, mimi naona wafuasi wangu wa mtandaoni. Nimeipaka rangi mchana kutwa. Andalio la somo bado. Kila jambo na wakati wake.

Jumatano, 5 Juni
Imefanya kazi. Mtakatifu kanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu ni langu.
Mama kapiga, nikapokelea chooni. Ana wasiwasi: mkaguzi wa chuo anakuja kesho, nisipofaulu narudia mwaka, na yeye majirani wameshaanza kumwita Mama Mwalimu. Nikamwambia aondoe shaka. Nilikuwa nasoma maoni wakati huohuo, lakini nilimaanisha.

Alhamisi, 6 Juni
Mkaguzi ni mama wa makamo, hacheki. Kakaa dawati la nyuma. Nikauliza swali, nikachungulia kidirisha, nikakaa kimya. Nikauliza jingine, kimya tena. Baadaye kawaambia walimu wote kwamba hajawahi kuona mwanachuo anayewapa watoto nafasi ya kufikiri namna ile. Nimefaulu, alama za juu!
Kisha kasema zana nzuri kama hii isiachwe ipigwe na vumbi. Kaibeba mwenyewe, kaifungia kwenye kabati la vioo ofisini, wageni waione. Simu imo ndani. Walimu walipiga makofi, nami nikapiga.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepita kwenye kabati mara nyingi hadi karani kauliza kama nina homa. Jana niliwauliza wafuasi: kesho nivae shati la bluu au jeupe? Watu wanajibu na mimi sioni. Vidole vinawasha. Mtakatifu kashauri nivumilie: mkaguzi anaondoka leo, Jumatatu naomba saa nikaipake rangi upya, mambo yamekwisha. Ushauri mzuri sana. Niliufuata mpaka kengele ya chai.
Nikaingia ofisini, nikasema kweli yote. Mkaguzi kafungua kidirisha, kaitazama simu, kanitazama mimi. Kaweka kikombe chini, kachukua kalamu, kafuta alama zangu. Narudia mwaka.

Jumamosi, 8 Juni
Simu ninayo. Swali la shati limejibiwa na mtu mmoja. Mama. Kaandika: jeupe, mwanangu, ndilo la mwalimu.
Iliniuma, sikatai. Nitamweleza. Kwanza nimebandika picha ya lile kabati na maneno: nimejifunza kuishi bila simu. Mtakatifu kaipenda.
Mwakani naomba darasa la nne. Wao wanasoma sayari. Jua la katoni, nikilipima vizuri, linaficha simu na chaja.