Kijani Niliyoomba, Nyeupe Uliyonitumia

Njombe,
Alhamisi

Mkwe wangu Halfan,

Kosa la watu wengi wanaochagua rangi ya ukuta ni kutazama kopo badala ya kutazama nyumba. Wewe, muuza rangi wa Makambako, hukutazama hata kopo. Niliomba kijani iliyokolea kama majani ya chai, ukatuma ndoo ya nyeupe. Kwa kuwa kwetu baba mkwe hagombani na mkwewe uso kwa uso, nakueleza kwa maandishi, taratibu, kama nilivyowaeleza darasa la nne kwa miaka thelathini.

1. Ulisema kwenye simu, "Baba, nyeupe inafungua nyumba." Ahsante. Nyumba yangu ina milango miwili na yote inafunguka.

2. Huku ni Njombe. Mwezi wa saba tunaota moto sebuleni, na kila mgeni huingia na udongo mwekundu, kisha huegemea ukuta kwa heshima zote. Ukuta mweupe utakuwa kitabu cha wageni.

3. Fundi Vitus, uliyemtuma wewe, ameingia na kusema, "Mwalimu, kijani ni ya ofisi ya kijiji." Nimempa chai. Bado anasema.

4. Hili ndilo kubwa. Kutoka kiti cha mke wangu Fidelia hadi mlango wa jikoni kuna mstari mweusi, usawa wa kiuno. Ameuchora kwa kiganja, miaka miwili akipapasa njia. Jumamosi anarudi kutoka hospitali ya Ikonda alikotolewa mtoto wa jicho. Ikiwa macho hayakupona, atauchora upya. Kwenye kijani hakuna atakayeuona. Kwenye nyeupe watauona wote, nami nitauona kila siku.

Hivyo basi naomba, kwa unyenyekevu, uje uchukue ndoo yako, upake duka lako lote kijani kwa mfano, na uombe radhi kwa ukoo mbele ya mashahidi wawili, mmoja awe mchungaji na mwingine shehe, ili pande zote zitosheke.

Wasalimie wajukuu, majirani wa dukani, na mama yako Mwanaheri, ambaye najua angenitumia kijani.

Nimalizie hapo, nikiwa bado baba mkwe wako,
Mwalimu Methusela (mstaafu)

N.B. Mkeo Eveline amepiga simu leo alasiri kutoka wodini. Mama yake amefunguliwa bandeji. Neno lake la kwanza: "Eveline, mbona umekonda, na kitenge kimepauka hivyo?" Mtu anayeona hivyo ataiona na kijani yangu, na nitasikia habari zake mpaka Krismasi. Vitus amekwisha paka nyeupe ukuta wa dirishani. Nimesoma gazeti pale saa kumi na mbili jioni bila taa. Ule mstari nimeupaka mwenyewe, mara mbili. Usije kuchukua ndoo, imekwisha. Kesho Ijumaa, weka nyingine ya nyeupe kwenye basi la Coaster la mchana.